Jukwaa la Kamĩrĩĩthũ

Mwaka 1955 kijana mmoja wa Limuru alirudi nyumbani kwa likizo baada ya muhula wake wa kwanza katika shule ya upili ya Alliance. Alipofika mahali alipotarajia kuiona nyumba ya mama yake, hakuona nyumba. Kijiji kizima kilikuwa kimebomolewa kwa amri ya serikali ya kikoloni, na watu wake wamesombwa pamoja na majirani zao, wakalazimishwa kujenga vibanda vipya mahali pamoja chini ya ulinzi wa Homugadi, askari wa kienyeji wa serikali. Kijana huyo aliitwa Ngũgĩ wa Thiong'o, na kijiji hicho kipya kiliitwa Kamĩrĩĩthũ.

Kamĩrĩĩthũ haikujengwa na watu waliopenda kuishi pamoja. Ilijengwa ili watu wasiwapelekee chakula na habari wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa msituni. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na katika miaka michache zaidi ya watu 1,000,000 wa nchi ya Wagikuyu walihamishiwa katika vijiji zaidi ya 800 vya namna hii. Limuru yenyewe ilikuwa imekwisha kugawanywa kabla ya hapo. Ardhi ya juu yenye rutuba ilikuwa mashamba ya chai ya walowezi, na wenye ardhi wa asili waligeuka vibarua wa kuchuma majani katika milima ya babu zao.

Ndani ya lango la Alliance mambo yalikuwa mengine. Shule hiyo ya wamishonari pale Kikuyu, chini ya mwalimu mkuu Carey Francis, ilikuwa na desturi ya kuigiza mchezo mmoja wa Shakespeare kila mwaka. Vijana wa Kiafrika walivaa mavazi ya wafalme na makabaila wa Uingereza, wakakariri mistari kwa lafudhi ya kujitahidi, huku nje wazazi wao wakitembea na vibali. Ngũgĩ aliipenda michezo ile, na baadaye aliandika wazi kwamba aliipenda.

Sina ugomvi na Shakespeare. Mwalimu Julius Nyerere alimpenda hata akamtafsiri kwa mkono wake mwenyewe. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na Kiswahili kikanufaika. Lakini Nyerere alimchagua mwenyewe, akamkaribisha nyumbani kwake kama mgeni. Mwanafunzi wa Alliance alipewa Shakespeare katika nchi ambamo ngoma ya kwao ilikuwa kosa la jinai. Ituĩka, sherehe kubwa ambayo Wagikuyu walikabidhiana uongozi kutoka kizazi hadi kizazi kwa nyimbo, ngoma na maigizo, ilizuiwa katika miaka ya 1920. Nyimbo za Mũthĩrĩgũ zilizowakejeli wamishonari na machifu zilipigwa marufuku mwaka 1930. Mkutano wa watu zaidi ya watano ukawa unahitaji leseni. Chuo cha ualimu cha Gĩthũngũri, kilichojengwa kwa michango ya wananchi na kuongozwa wakati fulani na Jomo Kenyatta, kilifungwa mwaka 1952, na mahali pale palipofundishiwa walimu pakawa pa kunyongea watu. Kila nikisoma historia ya elimu ya Kenya hurudi kwenye jambo hilo la Gĩthũngũri, kwa sababu linaonyesha jinsi wakoloni walivyoelewa vizuri kwamba shule inayomilikiwa na watu wenyewe ni silaha.

Mwaka huohuo wa 1952 Nairobi ilipata jumba lake la maonyesho, lililoitwa Kenya National Theatre. Mahali lilipojengwa pana historia nzito. Linatazamana na Hoteli ya Norfolk, na ni karibu na hapo, Machi 1922, ambapo umati uliokuja kudai kuachiliwa kwa kiongozi wa kisiasa Harry Thuku ulipigwa risasi. Mwanamke mmoja, Mũthoni Nyanjirũ, aliwaita wanaume wasimame imara, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Walowezi waliokuwa barazani Norfolk nao wakafyatua bunduki zao. Serikali ilihesabu maiti 21. Miaka thelathini baadaye, kando ya ardhi hiyo, wazungu wa Nairobi wakawa wanakuja jioni kutazama vichekesho na muziki kutoka London.

Uhuru ulikuja mwaka 1963, na jumba likabaki vilevile. Makundi ya wazungu yaliendelea kushika kalenda yake. Mabadiliko yalianzia vyuoni. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianzisha ukumbi wa kusafiri, wakapeleka michezo mikoani katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Oktoba 1968 Ngũgĩ, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka uliotaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ifutwe, na mahali pake pawe na idara ambayo fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, ingekuwa kiini. Mwaka 1974 chuo hicho nacho kikaanza ukumbi wake wa kusafiri. Yote hayo yalikuwa mema, ila mwelekeo ulikuwa uleule: wasomi walitoka mjini kupeleka kitu kijijini, wakacheza, wakapanda basi wakarudi.

Mwaka 1976 Kenya ilikuwa inajiandaa kwa FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mwaka uliofuata. Michezo miwili ikachaguliwa, mmoja wa Francis Imbuga na mwingine ulioandikwa na Ngũgĩ pamoja na Mĩcere Gĩthae Mũgo juu ya kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kwa jina la Mzalendo Kimathi. Seth Adagala, aliyeelekeza, aliomba jumba la taifa kwa ajili ya michezo ya taifa, wakapewa siku chache tu, kwa kuwa ratiba ilikuwa imejaa maonyesho ya kigeni. Adagala na Ngũgĩ waliitwa hata makao makuu ya upelelezi kuulizwa kwa nini wanaingilia michezo ya wazungu. Usiku wa ufunguzi, siku ya Kenyatta, watazamaji hawakutaka kwenda nyumbani. Waliungana na waigizaji, wakatoka nao nje wakiimba na kucheza barabarani.

Huenda hadithi ingeishia hapo, kama ugomvi wa wasomi juu ya jumba la mjini. Lakini mwaka huohuo mama mmoja wa Kamĩrĩĩthũ alikuwa amekwenda nyumbani kwa Ngũgĩ Jumapili asubuhi, akamwambia bila kuzunguka kwamba wamesikia ana elimu nyingi. Kwa nini asiwagawie kidogo wanakijiji? Akarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine, mpaka profesa akakubali.

Kijiji kilikuwa na kiwanja cha ekari 4 kilichotengwa kwa ajili ya kituo cha vijana, na juu yake jengo la udongo la vyumba vinne lililokuwa linaanguka. Wanakijiji wakaunda kamati yao, ya wakulima, wafanyakazi, walimu na watu wasio na kazi. Hapo ndipo kilipozaliwa Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Kamĩrĩĩthũ. Elimu ilitangulia, utamaduni ukafuata, na mpangilio huo una maana. Kazi ya kwanza, kuanzia Julai 1976, ilikuwa ngumbaru: darasa la watu wazima 55 waliotaka kujua kusoma na kuandika.

Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mtafiti wa chuo kikuu, ndiye aliyesimamia kisomo hicho. Yeye na wenzake walifuata njia ya Paulo Freire wa Brazili, aliyeshikilia kwamba mtu mzima hajifunzi kusoma kwa sentensi za kitoto. Anajifunza kwa kuyataja mambo yanayomsumbua. Basi wanafunzi wakaanza kuandika juu ya maisha yao wenyewe: jinsi walivyopoteza mashamba, walivyofungwa kambini wakati wa hali ya hatari, walivyopata kazi katika mashamba ya chai au katika kiwanda cha viatu cha Bata pale Limuru. Wakapiga hesabu. Mtu anatengeneza bidhaa za thamani gani kwa siku, naye analipwa nini kwa mwezi? Desemba, darasa lilipomalizika, walikuwa na mikono inayoshika kalamu na mambo mengi ya kusema. Mchezo wa kuigiza ulitoka humo moja kwa moja.

Kamati ikawaomba Ngũgĩ wawili, wa Thiong'o na wa Mĩriĩ, waandike muswada. Ukawa tayari Aprili 1977, kwa Kigikuyu, kwa jina Ngaahika Ndeenda. Kiswahili chake kiliitwa Nitaolewa Nikipenda. Kĩgũũnda, kibarua, ana ekari moja na nusu tu duniani, na hati ya shamba hilo ameitundika ukutani. Tajiri Kĩoi, mcha Mungu na mshirika wa makampuni ya kigeni, anaitaka ardhi hiyo kwa ajili ya kiwanda cha dawa ya kuua wadudu. Mwana wa Kĩoi anampa mimba Gathoni, binti wa Kĩgũũnda. Kĩgũũnda na mkewe Wangeci wanashawishiwa kwanza wafunge ndoa kanisani, ndipo waonekane watu wa heshima. Harusi inataka fedha, fedha zinakopwa benki, na rehani ya benki ni ile hati iliyo ukutani.

Mtu wa Limuru hakuhitaji kuelezwa hadithi hii. Alihitaji tu kupewa nafasi ya kuisahihisha, na hapa ndipo Kamĩrĩĩthũ ilipovuka mambo yote yaliyotangulia. Muswada ulisomwa hadharani na mazoezi yakafanyika nje, Jumamosi na Jumapili alasiri, mbele ya yeyote aliyetaka kusimama atazame. Wakulima walimkatiza mwandishi mashuhuri na kumwambia kwamba mzee hazungumzi hivyo na kijana wake. Waliokuwa Mau Mau walionyesha jinsi bunduki za kienyeji zilivyotengenezwa na jinsi risasi zilivyopitishwa kwenye vikapu. Bibi mmoja aliyeijua gĩtiiro, majibizano ya wimbo ya wakati wa kuposa, aliifundisha kwa waigizaji wote, mpaka sehemu hiyo ya mchezo ikawa yake kuliko ya waandishi. Profesa aliyekuwa amesoma Makerere na Leeds alikaa darasani mwa watu ambao miezi michache nyuma walikuwa hawawezi kuandika majina yao. Yeye mwenyewe aliungama kwamba alilazimika kuanza kujifunza upya lugha ya mama yake.

Mwelekezi alikuwa Kĩmani Gecaũ wa Idara ya Fasihi. Aliacha watu wachague waigizaji wenyewe na kuwarekebisha kadiri mazoezi yalivyoendelea. Jukwaa nalo walilijenga wanakijiji kwa mikono yao: kwanza wakalichora kwa vijiti vya kiberiti juu ya ardhi, kisha wakainua ukumbi wa wazi wa kukaa watu zaidi ya 2,000. Hakuna mkandarasi, hakuna msaada wa ubalozi. Nawaza sana juu ya jambo hilo. Watu hawa waliwahi kuinua kijiji hikihiki kwa kushurutishwa, wakichungwa kwa bunduki. Safari hii walichimba mashimo ya nguzo kwa hiari yao, ili waketi wayatazame maisha yao wenyewe.

Onyesho la kwanza lilifanyika Jumapili 2 Oktoba 1977, miaka 25 tangu mwezi ambao hali ya hatari ilitangazwa. Watu walikuja kwa miguu kutoka vijiji vya karibu, na habari zilipoenea wakakodi mabasi na matatu kutoka mbali. Mvua ilinyesha, watu wakangoja ikatike, mchezo ukaendelea. Wengi walikuwa wamehudhuria mazoezi mara nyingi hata wakazijua nyimbo zote, wakaitikia pamoja na jukwaa.

Tarehe 16 Novemba Mkuu wa Wilaya ya Kiambu aliondoa leseni. Sababu iliyotolewa ni kwamba mchezo unachochea uhasama wa kitabaka. Usiku mmoja mwishoni mwa Desemba polisi walikwenda nyumbani kwa Ngũgĩ, wakachukua vitabu vyake, wakamchukua na yeye mwenyewe. Aliwekwa kizuizini katika gereza la Kamĩtĩ bila kushtakiwa kwa kosa lolote.

Miezi michache tu kabla ya hapo, mwaka huohuo 1977, Ngũgĩ alikuwa ametoa riwaya kubwa ya Kiingereza, Petals of Blood, inayowashambulia matajiri wapya wa Kenya kwa ukali usiopungua ule wa mchezo. Kwenye uzinduzi wake alikuwapo waziri wa fedha, Mwai Kibaki. Hakuna aliyekamatwa. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba serikali iliogopa maneno. Maneno ilikuwa imekwisha kuyasikia, ikayapigia makofi. Iliogopa darasa: watu wazima 55 waliojifunza kusoma kwa kuhesabu mishahara yao, wakajenga ukumbi bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Na sheria ilizotumia, za leseni za mikutano na za kuweka watu kizuizini, ilikuwa imezirithi kwa wakoloni pamoja na ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Ndani ya Kamĩtĩ Ngũgĩ aliamua kwamba riwaya yake inayofuata ataiandika kwa lugha ya watu wa darasa lile. Aliiandika kwenye karatasi za chooni, ngumu kama zilivyokuwa, ikatoka mwaka 1980 kwa jina Caitaani Mũtharaba-Inĩ. Ilisomwa kwa sauti majumbani, katika matatu na katika baa, msomaji akinunuliwa kinywaji ili aendelee. Rais Kenyatta alifariki Agosti 1978, na mrithi wake, Daniel arap Moi, akawaachilia wafungwa wa kisiasa Desemba hiyo. Chuo kikuu hakikumrudisha Ngũgĩ kazini.

Kamĩrĩĩthũ haikuvunjika moyo. Mwaka 1981 kundi lilianza mazoezi ya mchezo mpya, Maitũ Njugĩra, juu ya kipande, ile hati ya utambulisho ya Mwafrika, na kazi za kulazimishwa chini ya ukoloni. Mara hii walitanua mikono. Mchezo ulikuwa na nyimbo zaidi ya 80 kutoka jamii zaidi ya nane za Kenya, na sehemu kubwa yake ilikuwa ngoma na vitendo, ili Mluo na Mkamba waelewe bila mkalimani. Walikusudia kuufungua Februari 1982 palepale Nairobi, katika jumba la taifa linalotazamana na Norfolk.

Leseni haikukataliwa. Haikujibiwa tu. Siku kundi lilipofika na vyombo vyake likakuta milango imefungwa kwa kufuli na askari wako karibu. Wakahamia ukumbi wa chuo kikuu na kuendelea kwa jina la mazoezi, kwa kuwa mazoezi hayahitaji leseni. Watu walijaa mapema, wakaketi vidirishani, ngazini na sakafuni. Katika mazoezi kumi hivi, mchezo ulitazamwa na watu zaidi ya 12,000. Kisha chuo nacho kikaamriwa kufunga mlango.

Tarehe 11 Machi 1982 serikali ilifuta usajili wa kituo cha Kamĩrĩĩthũ na kupiga marufuku shughuli zote za kuigiza katika eneo hilo. Kesho yake malori matatu ya polisi wenye silaha yalifika kijijini, wakaubomoa ukumbi mpaka chini. Miezi michache baadaye Ngũgĩ, akiwa London, alipata habari kwamba akirudi atakamatwa. Hakurudi kuishi Kenya tena. Kĩmani Gecaũ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikimbilia Zimbabwe, iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili tu, na huko wakafanya kazi ileile ya kukaa na wanavijiji na kutunga michezo kutokana na maisha yao. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alifia Harare mwaka 2008 kwa ajali ya gari. Makundi ya ukumbi wa jamii aliyoyalea Zimbabwe ni urithi ambao Wakenya wachache wanaujua, na inasikitisha kwamba tulimfukuza mwalimu wa ngumbaru akawa faida ya jirani.

Kiwanja cha Kamĩrĩĩthũ kilipewa chuo cha ufundi. Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi jukwaani, kwa Kigikuyu na kwa Kiingereza, katika Kenya National Theatre. Nawapongeza waliofanya kazi hiyo. Lakini jambo moja lilikosekana, nalo haliletwi na mwelekezi hodari wala taa nzuri: watazamaji wa Nairobi waliokata tiketi hawakuwa na nafasi ya kusimama na kusema kwamba mzee hazungumzi hivyo.

Hofu ya zamani nayo haijaisha. Aprili 2025 wasichana wa Butere walifika Nakuru kwa tamasha la kitaifa la michezo ya shule na mchezo uitwao Echoes of War, juu ya vijana wanaodai haki kwa watawala wao. Ulikuwa umeondolewa mashindanoni, na Mahakama Kuu ikaamuru wanafunzi waruhusiwe kushiriki. Mtunzi wake, Cleophas Malala, alikamatwa usiku wa kuamkia onyesho asikutane nao, na polisi wakarusha mabomu ya machozi kutawanya watu. Asubuhi ya 10 Aprili wasichana waliingia jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kucheza. Wiki saba hivi baadaye, tarehe 28 Mei, Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Marekani akiwa na umri wa miaka 87.

Mwaka 2026 Kenya imefungua sekondari ya juu ya mtaala mpya, yenye mkondo mzima wa sanaa na michezo. Wanafunzi wa Gredi ya 10 waliochagua mkondo huo watahitaji walimu, na walimu wengine hawana vyeti. Vijana waliochimba mashimo ya nguzo mwaka 1977 sasa ni wazee. Waliobaki wanazijua nyimbo, wanaijua gĩtiiro, wanakumbuka nani alimsahihisha nani na kwa nini. Wizara ya Elimu iwapeleke wanafunzi hao Limuru na madaftari yao, wakae na wazee hao kwa muhula mzima, kisha mchezo watakaoutunga uchezwe hukohuko, mchana, mbele ya wachuma chai wanaotoka kazini, na mtu yeyote mwenye jambo la kusahihisha asikizwe.